Umehamisha Diski, Ufunguo Umeuacha Wapi?

PlayStation 2 ya kibanda cha gemu Mvumi Misheni ikifa Ijumaa jioni, fundi yuko Dodoma mjini, kilomita 40 hivi, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Mwenye kibanda ana mashine ya pili, nzima kabisa, ila gemu zote tamu zimo kwenye hadi diski ya ile iliyokufa. Hapo kila mtu huwaza jambo lile lile: nichomoe huku, nichomeke kule.

Mara nyingi inawezekana, tena bila fundi. Ikishindikana, chanzo huwa ni swali ambalo watu hawajiulizi mapema. Gemu zimo kwenye diski, sawa, lakini kinachoziruhusu zifunguke kiko wapi? Kinaweza kuwa kwenye diski yenyewe, kwenye memori kadi, au kwenye ubao wa ndani wa mashine. PlayStation 2 ina jibu lake, Xbox ya zamani ina lake, PlayStation 3 nayo ina lake. Anayezichukulia zote kuwa sawa ndiye anayeishia kufomati diski yenye gemu za miaka.

Nitakaa zaidi kwenye PlayStation 2 kwa sababu ndiyo iliyojaa vibandani. Sony ilianza kuiuza Machi 2000 na kuacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, ikiwa imeuza zaidi ya mashine milioni 155. Ziko za aina mbili. Kuna nene, ile ya kwanza, na slimu iliyoanza kutoka 2004. Nene ina uwazi mgongoni, na humo ndimo inamoingia diski ya inchi 3.5 ikiwa imechomekwa kwenye kipande kinachoitwa netiweki adapta. Slimu haina nafasi hiyo, kwa hiyo inategemea flashi au eksitano, yaani diski ya nje, kwenye tundu la USB. Basi kama mashine iliyokufa ni nene na iliyobaki ni slimu, usihangaike na bisibisi, diski haina pa kukaa. Kama zote ni nene, endelea kusoma, ila angalia kwanza namba iliyoandikwa nyuma. Nene za mwanzo kabisa za Japani, yaani SCPH-10000, 15000 na 18000, hazina uwazi huo.

Ukiwa unaangalia namba hiyo, angalia na tarakimu yake ya mwisho. Inayoishia na 4 ni ya Ulaya na inapokea umeme wetu bila shida. Inayoishia na 0 ni ya Japani, imetengenezwa kwa volti 100, na inayoishia na 1 ni ya Marekani, volti 120. Hizo zimekuwa zikiingia nchini kwenye mizigo ya mtumba. Ukiichomeka nene ya Japani moja kwa moja kwenye soketi ya TANESCO unaiua siku hiyo hiyo, na diski uliyotoka kuihamishia humo inaweza kwenda nayo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme.

Diski ya PS2 iliyojazwa gemu kwa njia wanazotumia mafundi wetu haijafungwa kwa mashine yoyote. Itoe kwenye nene hii, itie kwenye nene ile, na kila gemu iliyomo itasomeka. Kinachofungua mlango hakimo humo. Kwenye mashine nyingi kiko kwenye memori kadi, na kinaitwa FreeMcBoot, programu iliyotoka 2008. Mashine inawaka, inasoma kadi, kadi inaleta menyu, menyu inafungua Open PS2 Loader ambayo wengi wanaiita OPL, na OPL ndiyo inayokwenda kuisoma diski. Diski ikihamishwa peke yake, mashine ya pili itawaka na kuonyesha ukurasa wake wa kawaida wa Sony, kana kwamba hakuna ulichochomeka. Hapo watu hudhani diski imeharibika. Hamisha na kadi, mambo yataendelea.

Kadi nayo ina tabia yake. Mafaili ya FreeMcBoot hutiwa alama inayolingana na kadi ile ile yalikowekwa. Ukiyakopi kwenda kadi nyingine, yatakopika vizuri, utayaona yote, na hayatawasha kitu. Lazima uiweke upya kwa programu yake ya kusakinisha ukiwa kwenye PS2 inayofanya kazi. Ukifika hapo programu itakuuliza kama unataka usakinishaji wa kawaida, ambao huweka mafaili ya modeli hiyo tu, au ule wa modeli zote. Kwa kibanda chagua wa modeli zote. Na fanya kazi hiyo leo, mashine zote zikiwa nzima: tengeneza kadi ya pili, iandike kwa kalamu ya maka, iweke mahali pasipofikiwa na watoto. Siku mashine pekee yenye FreeMcBoot ikifa pamoja na kadi yake, hutakuwa na pa kuanzia.

Ziko diski ambazo fundi ameziwekea FreeHDBoot. Hizo zinabeba ufunguo wake zenyewe, na nene inaziwasha bila kadi. Ukitaka kujua diski yako ni ya namna gani, chomoa kadi zote, washa mashine. Menyu ya OPL ikija, diski inajitegemea.

Mashine iliyochipiwa, yaani iliyolehemewa chipu ndani, isikuchanganye. Kazi ya chipu hapo mwanzo ilikuwa kuiwezesha mashine isome CD na DVD za kuchoma. Bado utahitaji kitu cha kuifungua OPL ili diski isomeke. Mtu anayekuuzia PS2 kwa maneno ya "imechipiwa, inasoma diski zote" mwambie aiwashe mbele yako ikiwa na diski ndani.

Halafu kuna suala la sevu, ambalo ndilo linaloleta ugomvi na wateja. Diski ina gemu. Master League ya PES ya kijana aliyecheza tangu likizo ya Juni iko kwenye memori kadi ya MB 8, isipokuwa kama uliwasha kadi ya kuigiza ndani ya OPL, ile inayoandikwa VMC. Hiyo inakaa kwenye diski na inasafiri nayo. Kwa wapenzi wa mpira kuna jambo jingine hapo. FIFA 14 na PES 2014 ndizo zilizofunga pazia la mpira kwenye PS2, kwa hiyo usajili wote wa baada ya hapo umeletwa na watundu wa kurekebisha gemu. Kama timu mpya zilichomekwa ndani ya gemu yenyewe, zitakwenda na diski. Kama zilikuja kwa faili la timu, hilo ni sevu kama sevu nyingine, na litabaki kwenye kadi. Mteja akikuta Simba na Yanga zimeyeyuka, hutamweleza ukaeleweka.

Mipangilio ya OPL pia imegawanyika. Ile inayosema diski ianze kusomwa yenyewe mashine ikiwaka kwa kawaida huhifadhiwa kwenye kadi. Marekebisho ya gemu moja moja, kwa zile gemu korofi, kwa kawaida huwa kwenye diski. Kwa hiyo ukitumia kadi nyingine na kuona orodha ni tupu, usipaniki. Ingia kwenye mipangilio, washa kipengele cha diski, hifadhi, rudi nyuma.

Sasa kazi ya mikono. Nene ina swichi kubwa nyuma. Izime hiyo, kwa sababu kitufe cha mbele kinaiacha mashine na taa nyekundu, na taa nyekundu maana yake umeme bado umo. Chomoa waya ukutani. Netiweki adapta imeshikwa na skrubu mbili pana ambazo hata sarafu inazifungua. Legeza zote mbili kidogo kidogo kwa zamu, kisha vuta adapta taratibu kwa mikono miwili, diski itakuja nayo mgongoni. Tazama pini: safu mbili, jumla 40 pamoja na nafasi ya ile isiyokuwepo katikati, na pembeni tundu la pini nne nene za umeme. Usiipindue diski ili kuichomoa, ivute ikiwa imenyooka. Pini ikipinda hapo utaitafuta na kibano usiku kucha.

Kama unaweka diski nyingine kwenye adapta ile ile, kagua jampa, kile kiplastiki kidogo kilicho kati ya tundu la data na la umeme. Iwe kwenye nafasi ya Master, kama mchoro wa kwenye lebo unavyoonyesha. Diski nyingi za Western Digital zikiwa peke yake hutaka jampa iondolewe kabisa. Diski isipoonekana na kila kitu kingine kiko sawa, mara nyingi ni hapo.

Diski hizo za zamani ni za IDE na zinazidi kuwa adimu. Ziko adapta zisizo za Sony zinazopokea diski za SATA, zile za kompyuta za mezani za siku hizi. Zinafaa kwa gemu, na OPL inakubali diski hadi TB 2. Nyingi zake hazina tundu la waya wa netiweki, lakini kwa kibanda hilo halipunguzi kitu.

Na sasa onyo ambalo ningependa mwenye kibanda alikate na kulibandika ukutani. Ukichomeka diski ya PS2 kwenye kompyuta ya Windows, Windows haiielewi. Itakuambia diski inahitaji kuandaliwa kabla ya kutumika, kwa maneno ya upole kabisa, na itakupa kitufe cha kukubali. Usikubali. Bonyeza Cancel kila mara. Ukikubali, Windows inaandika juu ya mwanzo wa diski, pale PS2 ilipoweka ramani ya sehemu zake, na orodha yako ya gemu inatoweka. Tumia programu zinazoielewa diski hiyo, kama hdl_dump au zile zilizojengwa juu yake. WinHIIP, ambayo mafundi wa zamani bado wanaipenda, ni ya enzi ya diski ndogo, na kwa kubwa ina sifa ya kuharibu. Mimi siigusi.

Wa slimu wana kazi nyepesi na kero zao. Flashi inahama kutoka slimu moja hadi nyingine bila bisibisi, mradi kadi yenye FreeMcBoot iwepo. Tundu la USB la PS2 ni la kizamani na la polepole, ndiyo maana vipande vya video kwenye gemu hukwamakwama wakati mchezo wenyewe unakwenda. Hilo halitibiki kwa kununua flashi ya bei mbaya. Flashi ikiwa imefomatiwa FAT32, haipokei faili linalozidi GB 4, na DVD ya kawaida inafika 4.7, kwa hiyo gemu kubwa hukatwa vipande kwa USBUtil. Jambo jingine ni mpangilio wa faili. OPL za zamani hutaka gemu ikae kwenye flashi mfululizo bila kukatika, nawe ukifuta gemu moja na kuweka nyingine, mpya inajazwa kwenye mapengo. Inagoma kufunguka, na mtu anailaumu mashine. Toa gemu zote, fomati flashi, zirudishe moja baada ya nyingine.

Slimu za mwisho, SCPH-90000 na ndugu zake, nyingi zinaikataa FreeMcBoot kabisa. Kwa hizo kuna OpenTuna, ambayo pia hukaa kwenye memori kadi, au FreeDVDBoot ya 2020, ambayo ni DVD ya kuchoma unayoitia kama sinema. Kwa hiyo mwenye slimu mbili asidhani kadi ya moja itafungua nyingine. Asome namba kwanza.

Xbox ya kwanza, ile nyeusi nzito ya Microsoft ya 2001, ni nadra huku, lakini ipo kwenye mizigo ya mtumba na watu huinunua kwa kuwa ni rahisi. Diski yake imefungwa kwa nywila, na nywila hiyo inatokana na ufunguo ulio kwenye chipu ndogo ya ubao wa mashine ile ile. Ukiitia kwenye Xbox nyingine utapata skrini ya hitilafu. Namba 06 maana yake mashine imeshindwa kuifungua diski, na 05 maana yake diski haijafungwa wakati mashine inataka iliyofungwa. Iliyorekebishwa kwa chipu au kwa kuandikwa upya kumbukumbu yake ya kuwashia inakubali diski iliyo wazi, kwa hiyo ifungue diski ikiwa bado kwenye mashine yake, ndipo uihamishe. Iliyorekebishwa kwa programu tu haikubali. Hiyo inataka diski iliyofungwa kwa ufunguo wake yenyewe. Kwa vyovyote vile, siku unayoinunua, kabla hata ya kucheza, toa nakala ya faili la ufunguo, eeprom.bin, ambalo ni la baiti 256 tu, ulitunze hata kwenye barua pepe yako. Ubao ukifa na hukulitunza, diski imekufa nao. Na mashine ikiwa imefunguliwa, mwambie fundi atazame kapasita ya saa, kwa sababu kwenye modeli nyingi inavuja na kula njia za shaba za ubao.

PlayStation 3 inawadanganya watu zaidi kuliko zote, kwa sababu diski yake ni ya kawaida kabisa: SATA, inchi 2.5, kama ya laptopu, na inatoka kwa skrubu chache. Lakini kila kilichomo kimesimbwa kwa ufunguo wa mashine ile ile. Itie kwenye PS3 nyingine nayo itakuambia diski lazima ifomatiwe, na ukikubali hakuna kurudi. Cha kufanya hapo ni kutoa nakala kwanza, mashine ikiwa nzima, kwa kutumia kipengele chake cha kuhifadhi data kwenye eksitano. Hata hivyo, kwa njia hiyo, sevu chache zilizofungwa hazitakwenda kwenye mashine nyingine.

Ukiweka diski mpya kwenye PS3, mashine nyingi zitaomba faili la mfumo kwenye flashi, ndani ya folda ya PS3, kisha folda ya UPDATE, herufi kubwa zote, faili lenyewe likiitwa PS3UPDAT.PUP. Hapa ndipo wenye mashine zilizorekebishwa wanapoumia. Wanapakua faili rasmi la Sony la karibuni kwa sababu ndilo la kwanza kuonekana, wanaliweka, na mashine inarudi kuwa ya kawaida. Weka faili la mfumo uleule uliorekebishwa uliokuwamo, na kama hukumbuki ni upi, usifungue skrubu hata moja mpaka umeenda kwenye mipangilio ukausoma.

Mvumi ina vumbi. Wenye umri wanaikumbuka 1986, mifugo ilipoondolewa huku chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ili ardhi ipone. Majani yalirudi, lakini upepo wa kiangazi haukuondoka na ng'ombe. Kuanzia Mei hadi mvua za mwisho wa mwaka, nene iliyokaa sakafuni inavuta vumbi kwa feni yake kutwa nzima, na diski iliyo mgongoni inapikwa na joto lisilo na pa kutokea. Iweke juu ya meza, mgongo usiegemee ukuta. Safisha kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa, ukiishika feni kwa kidole isizunguke. Ile kompresa ya kujazia matairi upepo ina nguvu mno na inatema maji, usiilete karibu.

Umeme ni adui mwingine. Diski haiumizwi sana na kukatika kwa umeme wakati inasoma gemu. Inaumizwa ukikatika wakati inaandikwa. Kwa hiyo kazi ya kuongeza au kuhamisha gemu usiifanye jioni, kijiji kizima kikiwa kinapika na kutazama taarifa ya habari. Hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha, jambo dogo linaloweza kuua diski. Laptopu yenye betri nzima inasaidia, lakini kumbuka kwamba diski ya inchi 3.5 iliyochomekwa nje ina adapta yake ya volti 12 ukutani, na hiyo haina betri. UPS ndogo ya mtumba kwa ajili yake si anasa.

Sheria sitaizunguka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na gemu ni programu. Kuhamisha diski yako kutoka mashine yako kwenda mashine yako ni jambo moja. Kuuza diski uliyoijaza gemu za wengine ni jingine, na kwamba gemu imeshaacha kutengenezwa hakubadilishi kitu mbele ya sheria hiyo.

Imebaki kununua. Diski nyingi za IDE zinazouzwa mjini zimetoka kwenye kompyuta za ofisi zilizotupwa, na za SATA nyingine zimetoka kwenye kamera za ulinzi, ambako zimezunguka usiku na mchana kwa miaka. Kwa sikio, diski inayogonga tik-tik-tik kisha kunyamaza na kuanza tena ni ya kurudisha. Kwa macho, ichomeke kwenye laptopu, fungua CrystalDiskInfo ambayo ni ya bure, tazama mistari miwili: Reallocated Sectors na Current Pending. Sifuri kwenye yote miwili, jadili bei. Namba kwenye mstari wa pili, acha, hata kama imejazwa gemu zote unazozitaka. Na muuzaji asiyekubali diski yake ichomekwe popote hata dakika 5, msalimie, panda gari urudi Mvumi.